Wimbo wa Ghala Uliokwenda Baharini

Kitale,
12 Januari 2004

Kwa Mulamwa Wekoye, shemeji yangu,

Mulembe. Pokea salamu zangu na za Nasike, ambaye ameingia darasa la sita na viatu vya mwaka jana. Hatujambo. Huku jua linawaka na vumbi limeingia hadi ndani ya cherehani, kila jioni naifungua naifuta kwa mafuta. Januari ndio mwezi wetu sisi tunaoshona sare za shule, kwa hiyo usione mwandiko umelala, mkono umechoka. Beth, mama mwenye nyumba, naye anakusalimu. Anasema miwa uliyomletea ile siku bado anaikumbuka. Mama anaendeleaje? Niambie kweli, usiniandikie "anaendelea" halafu ukaweka nukta.

Najua mlikasirika kwamba sikuja Krismasi. Nilifunga mizigo, kisha nikaifungua. Sina maelezo mengine.

Sasa jambo lenyewe. Wiki jana nimepata kifurushi kutoka Mombasa. Kimetumwa na Hiram, yule Mtaita aliyekuwa akivuta kamba pamoja na Wangila pale bandari ya zamani. Ndani mna kaseti moja tu, barua hakuna. Imerekodiwa Novemba iliyopita kwenye tamasha la bahari, lile ambalo Wangila alikuwa akituandikia habari zake kila mwaka, wanakoimba nyimbo za kuvuta majahazi mbele ya wageni. Nimeisikiliza kwenye redio ya Beth. Mulamwa, nimemsikia Wangila, mume wangu. Wimbo wake ni ule ule.

Kwa hiyo ule mgomba mnaotaka tuuzike mahali pake, uacheni ukue. Mnasema alizama na meli Agosti ya mwaka juzi. Mtu aliyezama haimbi Novemba ya mwaka jana kama mtu aliyeko.

Usidhani naandika haya nikifurahi. Sihisi kitu. Nakuandikia tu, kama mtu anayenakili tangazo kutoka ubaoni.

Ni mimi mke wa ndugu yako,
Emmy


Bumula,
9 Februari 2004

Mulamwa Emmy,

Mulembe na kwako. Barua ilifika mapema, jibu ndilo limechelewa, na kosa ni langu wala si la posta. Tangu elimu iwe ya bure nina watoto tisini na sita darasa la nne. Nasahihisha nikiwa nimesimama kwa sababu kiti nimewapa wawili wakae. Mwalimu mkuu amenunua simu ya mkononi. Ili apate mawimbi hupanda kichuguu kilicho nyuma ya choo cha wavulana, na shule nzima husikia mambo ya nyumbani kwake. Mimi nitabaki na kalamu yangu, ina siri zaidi.

Umetaka kweli kuhusu Mama. Miguu imevimba hadi magotini. Daktari wa Bungoma alisema moyo umechoka, akampa vidonge na kumwambia asile chumvi. Chumvi anakula. Safari zake sasa ni mbili, kutoka kitandani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kwenye mgomba. Ameuchagua mwenyewe, ule ulio nyuma ya jiko, na ameufunga kitambaa ili mtu asije akaukata bila kujua. Kila anayekuja kumwona anaambiwa neno lile lile: "Mimi siwezi kumtangulia mtoto ambaye hajalazwa. Nikifika huko, babake ataniuliza, Wilkista, kijana umemwacha wapi?"

Unaijua desturi ya ukoo wetu. Aliyepotea bila mwili huzikwa kwa mgomba, na mkewe ndiye huuita kwa jina lake kabla haujashushwa. Bila wewe ni mgomba tu tunauchimbia shimo, na majirani watatucheka. Mama hawezi kuuita. Mimi siwezi. Anakusubiri wewe, na moyo wake hausubiri vizuri.

Kuhusu wimbo, naujua kuliko hao watu wa tamasha. Ni wimbo wa kuhamishia ghala. Baba alipohama boma la babu, ghala la mahindi lilibebwa zima, wanaume ishirini chini yake na mmoja mbele akiita, "Linahama!" Wengine wanaitikia, "Twende nalo!" Hatua hupigwa kwenye kuitikia tu. Kwenye kuita kila mtu anakusanya nguvu. Wangila alikuwa na miaka tisa, na sauti yake ilishapita za wakubwa, wakamweka mbele. Huo ndio wimbo aliowafundisha wavuta kamba wa Mombasa. Na kwa kuwa hakuna mahali panapotajwa ni nini kinahama, watu wa tamasha wakaamua ni jahazi. Aliniandikia akicheka: wamemvika kanzu nyeupe, mtoto wa kanisa la Frenzi, na mtangazaji anawaambia wageni ati huu ni wimbo wa mabaharia wa miaka mia tatu. Mia tatu! Ghala lenyewe liliezekwa mwaka wa sitini na nane.

Umesema umemsikia. Nakuuliza kama mwalimu, usikasirike. Kwenye kaseti hiyo ni nani anaita, na ni nani wanaitikia?

Wako katika ukoo,
Wekoye


Kitale,
3 Machi 2004

Mulamwa,

Mulembe. Mvua bado, lakini Saboti wameshalima na wanaangalia juu. Nasike alipata namba saba kati ya themanini, nimemwambia baba yake mkubwa ni mwalimu, namba saba haitoshi. Amecheka. Mimi nilimtazama akicheka. Salimia mama watoto, mwambie kitambaa cha gauni lake nimekikata tayari.

Umeniuliza kama mwalimu, nitakujibu kama mwanafunzi wa dawati la nyuma. Kaseti inaanza na mtangazaji. Anasema mnachokwenda kusikia ni wimbo wa kale wa bahari yetu. Watu wanapiga makofi. Halafu unasikia miguu kwenye mchanga, wanajipanga. Halafu kamba inalia kwenye gogo. Halafu wimbo. Wanaoitikia ni wengi, labda thelathini, na Hiram namtambua kwa sababu anakokota mwisho wa neno. Anayeita ni anayeita siku zote. Mahali pale ni pa Wangila, sihitaji mtu kuniambia.

Nimetafuta barua yake ya mwaka wa tisini na tisa, ya tamasha la kwanza. Anaeleza kwamba waandalizi waliwapandisha jukwaani waimbe mikono mitupu. Wakashindwa. Wimbo wa kuvuta bila uzito unakimbia, haushikiki, wakaanza kupishana mpaka wageni wakacheka. Wangila akashuka akawaambia, "Tuleteeni kamba, na huko mwisho wa kamba mfunge kitu." Wakafunga lori la soda. Wakaimba huku wanalivuta, lori likasogea, na wageni wakashangilia wakidhani ilipangwa. Tangu mwaka huo hawaimbi bila uzito. Mwaka uliofuata walipewa jahazi la kweli walitoe majini.

Mimi huuimba nikishona. Mguu kwenye kanyagio la cherehani unatosha kuwa uzito. Haukimbii.

Nakumbusha jambo moja ambalo tulilisema mara moja tu, mimi na wewe, pale uani. Ni tamasha hilo hilo lililomfanya baharia. Mwenye meli ya uvuvi alimsikia akiita, akaona mtu anayeita hivyo lazima alizaliwa majini. Akampa kazi siku hiyo hiyo. Hakumuuliza kama anajua kuogelea, naye hakusema. Unajua na mimi najua kwamba Wangila alikuwa akiogopa hata mto Nzoia pale Moi's Bridge ukishiba mvua. Alikuwa akivuka daraja akishika mkono wa Nasike, anasema ati anamshika mtoto asianguke.

Mgomba usikatwe.

Emmy


Bumula,
20 Aprili 2004

Mulamwa Emmy,

Mulembe. Pasaka imepita salama. Tulikuwekea sahani, kuku alikuwa mmoja lakini paja lako liliachwa hadi Jumatatu, ndipo wanangu wakasema wamechoka kuliangalia. Mvua imekuja kwa fujo na tumepanda mahindi kando zote mbili za boma. Gauni limefika na limemkaa mama watoto vizuri, ila anasema umempunja kiunoni. Nimemwambia kiuno ndicho kimeongezeka. Hatusemezani tangu jana.

Mama sasa hatoki. Safari ya mgombani imekwisha. Amehamishiwa kitanda karibu na dirisha ili auone. Nilimweleza habari ya kaseti yako, kwa sababu sikuweza tena kumficha ni kwa nini huji. Aliutazama mgomba. Halafu akasema: "Kama anaimba, aletwe nimsikie. Nikimsikia kwa masikio yangu, huo mgomba nitaukata mimi niwape ng'ombe."

Kwa hiyo ni wewe tu, mulamwa. Ilete. Kitale si ng'ambo. Ukitoka asubuhi, saa sita uko kwetu unakunywa chai. Ukiwa na haki, Mama ataacha kulilia maziko na sote tutamngoja Wangila pamoja nawe. Ukiwa huna, basi afadhali tujue Mama akiwa bado hai. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi ninaogopa mshindo utakuja Mama akiwa hayupo kuusikia.

Nilipokwenda Mombasa kumtafuta, Septemba ile baada ya meli, nilirudi nikawaambia hakuna habari. Nadhani unakumbuka mlivyokuwa mmesimama langoni, wewe na Mama. Hapa chini nilikuwa nimeandika mistari minne, nimeifuta. Samahani kwa uchafu wa wino.

Wekoye


Kitale,
15 Mei 2004

Mulamwa,

Mulembe. Nasike hajambo. Alikuwa na malaria, imepona.

Kaseti siwezi kuileta. Redio ya Beth imeitafuna, utepe ulitoka wote nje kama matumbo ya kuku. Mwambie Mama pole.

Ile mistari minne niliishika ikitazama dirisha. Haisomeki. Walimu mnafuta vizuri.

Je, Mama anakula?

Emmy


Bumula,
30 Juni 2004

Mulamwa Emmy,

Mulembe. Watoto hawajambo. Mahindi yamefika kifuani. Mama hali, anakunywa uji kidogo akisahau kwamba amekataa. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani, sina nyingine ya kuizungusha.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha karibu miaka miwili, na sijazaa kitu ila usingizi mbaya.

Septemba ile nilimpata Hiram. Tuliketi kwenye kibanda cha chai karibu na soko la samaki. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa bendeji. Alikuwa kwenye meli hiyo, mulamwa, aliichukua kazi siku moja na Wangila. Aliniambia kwamba meli ililala ubavu mchana, wala si kwa dhoruba kubwa, na watu saba walishika boya moja. Wangila alikuwa wa karibu naye. Hakulia. Alisema, "Hiram, hili halinibebi," akaachia. Hiram alimwona akienda. Hakurudi juu. Nilimuuliza mara tatu na mara tatu alisema hivyo hivyo, halafu akanunua chai nyingine ambayo hakuna aliyeinywa.

Akanipa kipande cha ngozi ambacho Wangila alikuwa akikivaa kiganjani kamba isimchune. Alikuwa amekiacha nchi kavu. Nilikitia mfukoni. Ndani ya basi nilipanga maneno yote kuanzia Voi hadi Webuye, nilikuwa nayo tayari. Nikafika langoni, nikawaona mmesimama wawili, Mama amekushika wewe kiwiko. Nikasema hakuna habari. Neno lilitoka lenyewe, na baada ya hapo sikujua namna ya kulirudisha. Mama alianza kutaka maziko kwa akili yake mwenyewe miezi mingi baadaye, alisema mama hujua. Wewe ukaanza kukataa. Na mimi nikakaa katikati kama mtu mwenye hekima, nikikuandikia uje, kumbe dawa ninayo kwenye kabati la chaki shuleni, ndani ya kopo la gundi. Nimekukosea. Nimemkosea Mama. Naona aibu na sina pa kuiweka.

Kuna jambo la pili. Mwezi wa Machi nilimwandikia Hiram kumuuliza kaseti ni ya nini. Amenijibu juzi. Anasema wavuta kamba wana desturi yao. Mwimbishaji akichukuliwa na maji, wimbo wake huimbwa miaka mitatu bila mtu wa kuita. Pale pa kuita panaachwa. Watu hushika kamba iliyokaza, wanakaa kimya kwa kipimo kile kile cha sauti yake, halafu wanaitikia na kuvuta. Waandalizi wa tamasha hawakupenda, walisema wageni watadhani vipaza sauti vimeharibika, wakaomba awekwe kijana mwingine aite. Wavuta kamba wakasema basi tutavuta wenyewe nyumbani. Waandalizi wakakubali. Alikutumia kaseti ili ujue kwamba wamemwekea mahali pake. Alidhani mimi nilishakuambia mengine.

Kwa hiyo, Mulamwa, hapakuwa na sauti ya Wangila kwenye kaseti ile. Ulisikia nini?

Ndugu yako aliyekosa,
Wekoye


Kitale,
12 Julai 2004

Mulamwa Wekoye,

Mulembe. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaikunja, nikamalizia kola tatu za mashati. Usifikiri ni ujasiri. Nilidhani nitapiga kelele, nikangoja, haikuja. Nasike aliniuliza kama nimechoka, nikamwambia ndiyo.

Umeniuliza nilisikia nini. Sikusikia kitu.

Mtangazaji anasema maneno yake. Miguu, mchanga, kamba inalia. Halafu kimya. Kimya kirefu, urefu wa mtu kuvuta pumzi na kuita. Kwenye kimya cha kwanza mgeni mmoja anapiga makofi, anadhani wimbo umekwisha. Halafu wanaume wote, "Twende nalo!" Halafu kimya tena. Inakwenda hivyo upande mzima wa kaseti. Siku ya kwanza, ilipofika mara ya tatu, nilijua. Hakuna aliyenieleza desturi yao, lakini mimi ni mke wa mwimbishaji, na pengo lenye kipimo cha sauti yake ningelijua hata kama ningekuwa kiziwi.

Mara ya nne nikaita mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio. Nikaita, "Linahama!" Wanaume thelathini wakaniitikia kutoka Mombasa. Nikaita tena, wakaitikia tena. Beth akasimama mlangoni na sufuria, akauliza, "Mama Nasike, ni nani huyo anaimba vizuri hivi?" Nikamwambia, "Ni baba Nasike." Halafu nikakuandikia wewe hivyo hivyo. Sikuona kama ni uongo. Nilikuwa nimemsikia, kupitia koo langu.

Nimefanya hivyo kila alasiri tangu Januari. Ndiyo maana sikuweza kumletea Mama. Angesikia kimya kile, naye angekijua upesi kuliko mimi. Kaseti haikutafunwa. Iko hapa mbele yangu, nzima.

Sikukasirikii. Labda nitakukasirikia baadaye, nikipata nguvu. Kwa sasa naona wewe ulificha na mimi nilificha, na mwenye kulipia ni mama mzee anayetazama mgomba dirishani.

Nitakuja Jumamosi tarehe ishirini na nne, kabla Agosti haijaingia na nyimbo za tohara kujaa kijijini. Msiukate nikiwa sijafika. Leta ile ngozi kutoka kwenye kabati la chaki. Mimi nitaleta kaseti, na betri sita mpya.

Emmy


Bumula,
16 Agosti 2004

Mulamwa Emmy,

Mulembe. Natumaini wewe na Nasike mlifika salama, na kwamba baridi haikupigi kichwani baada ya kunyolewa kwa ajili ya matanga. Huku njuga za watahiriwa zinalia kila upande, mpaka mwalimu mkuu ameacha kupanda kichuguu, anasema hasikii kitu. Mama anakula. Juzi alikula ugali na mboga, akasema mboga haina chumvi. Nimefurahi kuliko siku aliyonisifu kwa kufaulu mtihani. Kitanda amesema kirudishwe mahali pake, dirishani kuna upepo.

Kuna jambo nimeshindwa kuliacha. Siku ile nilikuwa mbele, nimeshika kichwa cha mgomba, sikuweza kugeuka. Uliita jina lake vizuri. Uliufunga ile ngozi kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Tukaunyanyua sita, na Nasike akabonyeza redio kama mlivyopatana. Ulikuwa umesema kwamba utaita wewe, na tulikuwa tumekubaliana tutapiga hatua kwenye kuitikia. Kamba ikalia. Nikangoja sauti yako. Haikutoka. Tukasimama pale na ule mgomba, mwepesi kama nini. Halafu wale wa kwenye kaseti wakaitikia, na sisi tukaitikia, tukapiga hatua. Tulikwenda hivyo hadi shimoni, hatua kumi na moja, na kila hatua tulingoja.

Watu wanasema ulifungua mdomo ukaufunga. Wengine wanasema Mama alikushika. Mimi niliogopa kumuuliza Mama. Kama hutaki kusema, usiseme, mimi sina haki ya kudai kweli kutoka kwa mtu.

Wekoye


Kitale,
2 Septemba 2004

Mulamwa,

Mulembe. Tulifika salama. Nywele zimeanza kuota, zinawasha. Beth alinipokea na chai, akaniona kichwa. Alikaa tu pale mpaka nikamaliza kikombe. Nimepata oda ya sare za kwaya, mashati arobaini, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi.

Ni kweli nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesimama kando ya kiti cha Mama, pumzi nimeshaivuta. Alinishika kiwiko, kama ile siku ya langoni. Hakunishika kwa nguvu, unajua mikono yake ilivyo. Akasema, "Nyamaza, mwanangu. Hapo ni pake."

Hivyo tu. Nikanyamaza. Tukakisikiliza kile kimya, mimi na yeye, mara kumi na moja. Mara ya mwisho niliona midomo yake inaitikia pamoja nanyi.

Kaseti nilimwachia yeye, utakuwa umeiona chini ya mto wake. Usimnyang'anye, na betri zikiisha mnunulie. Mimi siihitaji. Nashona, na wimbo unaendelea kichwani. Ukifika pale, mguu unasimama wenyewe juu ya kanyagio, sindano inabaki ndani ya kitambaa. Nangoja kipimo chake. Halafu naitikia, naendelea kushona.

Emmy